Nilichochelewa Kumwambia Mama

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nimetoka karakana ya useremala kule Gisozi, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, na Mama amekaa kitandani ananisubiri nimsomee Biblia. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Biblia ilikuwa ya Kiswahili, tuliyorudi nayo kutoka ukimbizini Karagwe, na kazi ya kumsomea ilikuwa yangu.

Mwaka mmoja kabla tulikuwa tumemzika kaka yangu, Faustin. Katika ugonjwa wake tulifunga, tukaomba, na alipofariki mchungaji akatuambia ni kwa sababu imani yetu ilikuwa haba. Neno lile lilinichoma. Nikahama kanisa, nikahama tena, kisha nikaacha yote. Ujana nao una kiburi chake; nilijiona mkweli kuliko watu wote wa mtaa wetu wa Kinyinya.

Basi jioni ile nikamwambia, "Mama, siwezi kusoma kitu nisichokiamini."

Akanijibu, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwetu: "Mwana wanjye, mimi sijakwambia uamini. Nimekwambia unisomee tu."

Nikasoma, lakini kwa hasira, harakaharaka, bila hata kuvua viatu. Nilisoma hivyo miezi mingi. Halafu, sijui lini hasa, hasira ikaanza kuisha. Nikawa narudia mstari bila kuombwa. Napiga randa kazini, najikuta naomba. Imani ilikuwa inarudi, bado changa, na niliionea haya. Ningeanzaje kumwambia, baada ya maneno yote yale? Nikasema acha ikomae kwanza, nitamwambia Pasaka.

Mama hakuifikia Pasaka. Baada ya mazishi, shangazi aliyemuuguza akaniambia kwamba kila nilipotoka chumbani, Mama alikuwa akiomba huku analia: "Mungu wangu, nirudishie huyu mtoto." Nami nilikuwa nimesharudi. Alilia bure, mwanangu, na mimi niko chumba cha pili. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo sikia. Imani ikikutoka, usijilazimishe wala usimdanganye mtu, ila usiwakimbie wanaosali. Na siku ikianza kurudi, hata kama ni kidogo na maswali bado unayo, usingoje ikomae. Nenda kamwambie yule anayekulilia.

Mungu akutunze. Akupe mtu wa kukuombea, na amjalie uhai mpaka umwambie.