Sakafu ya Baba

Leo nimewafanya wageni wa heshima hapa Jinja wavue viatu, na wala sikukusudia.

Lile jumba la makumbusho la zamani limefunguliwa tena, sasa ni nyumba ya sanaa.

Marehemu baba yangu alilitunza miaka mingi. Sakafu aliipaka nta kwa mikono yake, na hakuna aliyeikanyaga kwa viatu. Hata mimi mwanawe!

Kusema kweli sikuja kutazama picha. Nilitaka kuiona sakafu yake.

Nikafika mlangoni, nikavua. Mazoea tu.

Walionifuata wakadhani ni amri, nao wakavua. Wa nyuma yao wakavua pia. Bwana mmoja mwenye tai, soksi imetoboka kidoleni, akavipiga picha vile viatu akidhani ndiyo sanaa yenyewe!

Msimamizi akaja mbio. "Jamani, nani amewaambia mvue viatu?"

Nikaona haya. "Ni mimi, dada. Baba yangu ndiye aliyeitunza sakafu hii, na alikataza kuikanyaga kwa viatu. Tulimzika mwezi uliopita, kwetu Wanale."

Nilingoja aniambie nivae.

Akainama, akafungua kamba za viatu vyake. "Basi tumtii mzee."

Nanyi, amri gani ya marehemu wenu bado mnaitii?