Mama kwa ndege, Baba kwa basi

Leo nimemkosesha mama yangu nafasi ya kuwa wa kwanza kumbeba mjukuu wake. Na kosa langu ni kumpandisha ndege. 😭

Dada yangu Neema kajifungua Iringa, mjukuu wa kwanza kwa wazazi wetu. Nikagugo Mbeya hadi Iringa kwa ndege: chini ya saa moja! Fasta nikakata tiketi mbili, yangu na ya Mama.

Baba akagoma. Asubuhi akapandia basi Uyole.

Mama alivyomcheka!

Sasa tuko angani, saa nzima imepita, Mama anachungulia dirishani.

"Mwanangu, kumbe Iringa kuna bahari?"

Jamani. Zile dakika ni za kwenda moja kwa moja. Tiketi yetu ilikuwa inapitia Dar, na mimi sikuisoma.

Dar tumekaa masaa manne kusubiri ndege ya Iringa. Mama alikuwa anakunywa juisi, ananitazama tu.

Tumefika kwa dada saa kumi jioni. Baba alishashuka stendi ya Ipogolo, hapa Iringa, tangu saa saba. Tumemkuta kwenye kochi, mtoto kalala kifuani kwake.

Hata hakuinuka. Akanong'ona:

"Karibu, bibi. Ongea polepole, tumelala."

Mama alicheka mpaka machozi. Akavua viatu, akanawa mikono, akainyoosha.

"Baba Neema, zamu yako imeisha."

Mpaka sasa hajamrudisha.

Nani mwingine amewahi kupanda ndege ili awahi, akapitwa na basi? 😂