Makofi Niliyopiga Bungeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na jembe la baba, darasa la tano nililoliacha katikati, na wadogo zangu watatu waliokaa juu ya kisiki wakinitazama. Baba alikuwa amefia ziwani. Mama alifariki kwa uchungu wa uzazi, ndani ya boti ya mbao ya abiria iliyomtoa kijijini kwetu Mwamgongo kumpeleka hospitali Kigoma mjini. Upepo wa kusini uliturudisha nyuma mara mbili. Mimi ndiye niliyemshika kichwa.

Mjomba akatupandisha mlimani Kalinzi, akanionyesha pori ambalo hakuna aliyelitaka.

"Ukiliweza, ni lako," akasema.

Nikaliweza. Bwana shamba alinifundisha kuotesha miche ya kahawa kwenye kitalu, yaani tuta lililoezekwa majani, na kupogoa, kukata tawi zima ili yaliyobaki yazae. Mara ya kwanza niliuzunguka mche bila kukata.

"Kata, mzee kijana," akanitania. "Mkahawa haulii."

Mpaka leo, maua meupe yakifunguka asubuhi moja mlima mzima, mimi husimama kwanza ndipo niingie shambani.

Ushirika ulinifanya katibu, kisha mwenyekiti, na hatimaye watu wa mlimani na wa ziwani wakanituma bungeni. Nilipoingia ukumbini nilisimama kwanza mlangoni, nikatazama. Sikuwahi kuona watu wazima wengi kiasi kile wakinyamaza kwa sababu mmoja amesimama kusema.

Katibu wa Bunge alinieleza kazi. Swali la msingi unaliandika mapema, na Waziri huja na jibu lililoandikwa. Swali la nyongeza unauliza papo hapo, ukishamsikia.

"Hapo ndipo mbunge anapojulikana," alisema. "Ila uwe mfupi. Spika hapendi hotuba."

Swali langu la msingi lilikuwa moja: ni lini vijiji vya ziwani kaskazini mwa Kigoma, visivyo na barabara, vitapata boti ya wagonjwa? Waziri akasoma kwamba serikali inalitambua hitaji hilo na italifanyia kazi pindi fedha zitakapopatikana. Spika akaniita kwa swali la nyongeza.

Nikasimama, na hofu ikanirudisha nyumbani. Kwetu Uha, mbele ya mkubwa unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, kisha unangoja akujibu kwa makofi ndipo useme. Nikapiga. Nikangoja. Ukumbi ukaangua kicheko. Bungeni hawapigi makofi, wanagonga meza.

"Mheshimiwa, ngoma inaanza saa ngapi?" jirani yangu wa kiti akaninong'oneza.

"Mheshimiwa, unasubiri nini?" akauliza Spika.

Yote niliyoandaa yakanitoka kichwani.

"Mheshimiwa Spika, nasubiri kujibiwa. Mama yangu alifia kwenye boti, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Je, Waziri yuko tayari kupanda boti ya namna ile pamoja nami, upepo ukivuma, ndipo anijibu?"

Waziri akasimama bila karatasi.

"Mheshimiwa Spika, niko tayari."

Akaja kweli. Alikaa juu ya ubao katikati ya magunia, mawimbi yakimlowesha, wala hakulalamika.

"Mzee, mama alifia wapi?" aliniuliza.

"Pale kwenye rasi. Mji ulikuwa umeshaonekana."

Akavua kofia, na hakuivaa tena mpaka Mwamgongo.

Boti haikuja bajeti ile, wala iliyofuata. Kila mkutano nilisimama, na Spika akawa ananiita, "Mzee wa makofi, uliza." Ilifika nikiwa nakaribia kumaliza ubunge.

Sasa nimestaafu. Wadogo zangu wana nyumba zao, na mikahawa bado inazaa. Nyinyi mnaoanza kazi hiyo ya ubunge, sina kubwa la kuwafundisha, ila mkishauliza, msikae chini mapema.

Juzi nilikuwa ufukweni Mwamgongo wakati mama mmoja anapakiwa kwenye boti ya wagonjwa, uchungu umemzidi, upepo wa kusini ukivuma vilevile. Mashine mbili zikapasua mawimbi. Nikaingia majini hadi magotini, nikapiga makofi taratibu. Muuguzi hakunijibu, mikono yake ilikuwa imemshika yule mama kichwa. Nikaitazama boti mpaka ikaivuka rasi.

Nikangoja palepale siku nzima. Jioni boti ikarudi. Muuguzi alisimama mbele akitabasamu, akainama kidogo kuelekea kwangu, akapiga makofi.