Kisima cha Susu Ndani ya Kaseti

Juzi, katika kibanda cha fundi wa redio mjini Wote, kaseti moja kuukuu ilitoa mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni: kwiii, halafu mkwaruzo mrefu kama mabati yanayoburutwa juu ya mawe. Fundi alicheka, akasema imeharibika. Mimi nilijikuta nimekunja ngumi. Haikuwa imeharibika. Miaka ile ya themanini, michezo ya kompyuta iliingia kwenye mashine hivyo hivyo, kwa makelele.

Shule yetu kule Mbooni ilikuwa na kompyuta moja, ndogo kama sinia ya chai, aliyotuachia mgeni aliyerudi kwao. Tuliiunganisha na televisheni na jenereta ya kanisa. Ilikuja na kaseti ya programu ya kutungia michezo ya safari: unaandika mahali, unaandika vitu vilivyopo, unaandika litakalotokea mchezaji akiamua hili au lile. Ufundi wa mitambo haukuhitajika. Ilihitajika hadithi tu. Mwalimu Mutinda, mwenye ufunguo wa chumba hicho, aliniruhusu kuitumia kila Jumamosi, mradi nikifagie kwanza.

Hadithi niliipata kwa susu, nyanya yangu mzaa baba, aliyezaliwa Nuu. Nilimwuliza njia aliyopita akiwa msichana kwenda kuchota maji kwenye mto mkavu, naye akanipa kila mwamba, kila kichaka cha miiba, hata mbuzi mkorofi wa jirani. Nilipofika nyumbani nilimsomea nilichoandika, yeye akiamua pa kupita.

"Shika kushoto! Huko kulia kuna nyoka, mimi namjua!"

Tulicheka mpaka akashika mbavu. Nilitunga muhula mzima, nikihifadhi kila kipande kwenye kaseti.

Siku ya wazazi ikafika. Mwalimu Mutinda akawasha mashine mbele ya watu wote, akarekebisha tai. "Mchezo huu," akasema, "nimeutunga mwenyewe."

Makofi. Masikio yangu yakawaka moto.

Mgeni wa heshima akaketi kucheza. Akapita miamba, akamkwepa mbuzi, akafika kisimani kwenye mchanga. Akaandika: chota maji. Mashine ikajibu: kisima ni kikavu. Akajaribu kuchimba. Mchanga tu.

"Mwalimu, sasa nifanyeje?"

Mwalimu akabonyeza hiki, akabonyeza kile, jasho likimtiririka. Hakujua. Angejuaje?

Nikasimama. "Andika 'subiri', mara tatu. Maji ya mchangani hupanda polepole."

Mgeni akaandika. Maji yakaja, watu wakashangilia.

"Hongera, mwalimu," mgeni akasema. "Umemfundisha vizuri huyu."

"Ni wangu!" nikapiga kelele. "Mchezo ni wangu, nimetunga na susu!"

Baba akainuka, akanishika mkono, akanitoa nje mpaka nyuma ya darasa. Hakuniuliza chochote. "Mkono usioweza kuukata, ubusu," akasema. "Kesho utamwomba mwalimu msamaha."

Nikamwomba. Nilipiga magoti kwenye sakafu niliyokuwa nikiifagia, naye akanisamehe! Chumba hicho sikufunguliwa tena. Muhula uliofuata alihamishwa, akaenda na kaseti yenye mchezo wangu.

Nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa miaka mingi nilimtetea baba moyoni. Nilijiambia, mzee wa watu, kompyuta angeijulia wapi? Alidhani mtoto wake anadanganya.

Kisha susu akafariki. Kwenye matanga baba akasimama kumzungumzia mama yake, na katika kuwachangamsha waombolezaji akasema, "Mama alikuwa akikaa jikoni anamwelekeza huyu binti yangu njia. Mimi nikiwasikiliza nje. Waliitia Nuu nzima ndani ya kompyuta, hawa wawili!"

Watu wakacheka kwa upendo. Mimi nikatoka nje.

Utotoni niliamini nilishindwa kwa sababu sikuwa na shahidi. Kumbe shahidi alikuwepo, amevaa koti lake la kanisani, na ndiye aliyenishika mkono. Baba yangu nampenda, na kila mwezi nampelekea dawa zake. Lakini hilo sijamsamehe.