Kimeo cha Zaituni: Mgori hadi Singida Mjini

Nilitoka Mgori kwenda Singida mjini kwa sababu moja: kumpeleka binti yangu kwa fundi wa kukata vimeo. Zaituni alikuwa na mwaka mmoja na nusu, akikohoa siku ya nne. Mimi, katibu wa kijiji cha Ujamaa niliyemaliza kidato cha nne, nilikuwa nimeshaamua kwamba kile kinyama kinachoning'inia kooni ndicho kinachomsumbua. Mke wangu, Mama Juma, alikubali kwa sharti kwamba tupitie zahanati kwanza.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka kwa baiskeli, yeye amekaa nyuma, mtoto mgongoni kwake. Penye mchanga tulishuka tukasukuma. Nilipiga chafya njia nzima, na kila mara Zaituni alicheka.

Saa nne tulifika zahanati, pembeni mwa mji. Mganga alikuwa mzee mwenye saa kubwa mkononi. Baada ya shikamoo nilijitambulisha kuwa katibu wa kijiji, nikamweleza ugonjwa na chanzo chake, nikamwagiza na sindano.

"Ndugu Katibu," alisema, "mkutano umeahirishwa. Nyamaza nihesabu."

Alimfunua mtoto kifua, akahesabu pumzi dakika nzima, akatazama kama mbavu zinabonyea anapovuta hewa. Hazikubonyea. Akasikiliza mgongo, akapima homa, akauliza kama ananyonya. Kisha akauliza nani nyumbani alitangulia kupata mafua. Mama Juma akaninyooshea kidevu mimi.

"Basi cha kukatwa ni kimeo cha baba," akasema mganga. Benchi zima la wagonjwa likacheka, hata mimi.

Akanimulikia koo la Zaituni kwa tochi: kimeo kizima, kidogo kama punje ya mahindi. Alieleza kwamba ni mafua ya virusi, na sindano haiyaondoi. Anyonye, anywe, afutwe pua. Akianza kuhema haraka au kukataa ziwa, turudi mbio.

"Na Juma je?" mke wangu akaniuliza pale pale. "Naye ulimkata kwa mafua?"

Juma ni kaka yake Zaituni. Mwaka uliotangulia nilimshika mikono mwenyewe fundi alipomkata, akatoka damu siku mbili.

Mchana tulinunua mkate dukani, tukageuza baiskeli bila kufika kwa fundi.

Jioni, nyumbani, nilimwita Juma nikamwomba msamaha. Alikuwa na miaka minne. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mkate ule ni wake peke yake. Nikampa wote.

Zaituni alikohoa siku chache zaidi, akapona. Tangu hapo namtazama mtoto kifua kabla ya kumtolea uamuzi. Somo hilo nililipata nikiwa nimechelewa kwa mtoto mmoja.