Cheni Iliyoanguka Mlimani

Kanuni ya kundi lao la baiskeli ilikuwa moja na fupi: mlima ukimshinda mmoja, wote wanashuka na kusukuma. Hakuna aliyeiandika popote. Aliyeitoa ni fundi vigae, asubuhi moja alipomwona mwenzao ameinama kando ya barabara, anatapika kwa uchovu, huku wengine wako juu wanamsubiri na kupiga soga. Fundi alirudi chini, akashuka kwenye baiskeli, akasukuma sambamba na yule mgonjwa mpaka kileleni. Alipofika aliwaambia waliokuwa wakisubiri kwamba kuanzia siku hiyo, asiyetaka kushuka na mwenzake atafute watu wengine wa kuendesha nao. Hakupaza sauti. Waliomjua walielewa kwamba yamekwisha.

Fundi huyo walimwita Kanyaga. Hilo ndilo neno alilolisema kila mlima ulipoanza, na hakumwambia mtu, aliiambia miguu yake mwenyewe. Siku za kazi alivuka mlima ule kwenda mtaa mpya ambako nyumba zilikuwa zikijengwa, nyundo ya mpira na pima maji vimefungwa nyuma ya kiti. Jumapili aliuvuka tena pamoja na kundi, kwa raha tu.

Kazi yake ilimweka magotini kutwa nzima. Alilaza kigae, akakigonga, akakipima, kisha akarudi nyuma hatua moja ya goti na kulaza kingine. Saruji ikishakauka alipita tena na kugonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha kichwa. Kigae kilichoshika vizuri hutoa sauti nzito. Chenye uwazi chini yake hutoa sauti tupu, na hicho Kanyaga alikibandua hata kama mwenye nyumba ameshaanza kupanga viti. Wapo waliomwona msumbufu, lakini walimwita tena.

Aliyevuka naye mlima kila asubuhi alikuwa shemeji yake, fundi rangi, mume wa dada yake mdogo. Kanyaga alimfahamu barabarani kabla hajamfahamu nyumbani. Alipokuja kuposa, wazee walimuuliza Kanyaga huyu ni mtu wa namna gani, naye akajibu kwamba amemwona akiwa hoi mlimani na hajawahi kumwona akidanganya. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha, na kwa heshima yake ukawatosha na wazee.

Kisha zikaja baiskeli za umeme. Wa kwanza kuleta moja kwenye kundi alikuwa muuza dawa wa mtaani, mtu mpole mwenye tumbo, aliyefika Jumapili moja na baiskeli nyeusi yenye betri nene kama tofali. Mlimani aliwapita wote huku akiwasalimia mmoja mmoja. Walipofika juu walimkuta ameketi kwenye jiwe, hana hata jasho.

Kanyaga aliizunguka ile baiskeli polepole. "Hii ukishaichomeka ukutani," akauliza, "anayepumzika ni nani, wewe au yenyewe?"

Watu wakacheka. Kinyozi, ambaye hakukosekana penye utani, akadakia: "Muulize kama inalala chumbani."

"Mimi sina ugomvi na mashine," Kanyaga akaendelea. "Anayetaka pikipiki anunue pikipiki. Lakini huu mlima ndio mahali pekee ambapo mwenye duka na fundi rangi wanahema sawasawa. Ukileta umeme hapa, na hapa napo patakuwa na wakubwa na wadogo."

Muuza dawa alicheka kidogo, akatazama saa yake, akasema ana mgonjwa anamsubiri. Hakurudi tena. Kanyaga hakumfuata kumwomba arudi, na hilo lihesabiwe juu yake, kwa sababu neno lake lilikuwa la haki lakini kicheko alichokianzisha hakikuwa cha haki. Shemeji yake alikuwa miongoni mwa waliocheka, na kwa sauti kubwa kuliko wengi.

Mvua za mwaka ule zilipokatika, shemeji alitokea na baiskeli iliyopakwa rangi upya, kijani iliyokoza. Gurudumu la nyuma lilikuwa jipya, kitovu chake kinene, na chini ya fremu kulikuwa na mkoba mrefu wa turubai uliofungwa kwa mikanda.

"Umebeba nini humo, shemeji, jeneza?" Kanyaga akauliza.

"Brashi na vikorokoro. Nimechoka kuviacha kazini, vinaibwa."

Kuanzia siku hiyo fundi rangi alipanda mlima bila kunyanyuka kwenye kiti. Kanyaga alimuuliza siri yake, naye akasema ameacha sigara. Kweli alikuwa ameacha, na ndiyo maana jibu lile lilimtoka bila kigugumizi. Kanyaga alifurahi kama aliyeacha sigara ni yeye. Jumapili iliyofuata alimsifu mbele ya kundi zima, kwamba huyu hapa ni mfano wa mtu aliyeamua, na wala si kijana. Kinyozi alikuwa anakaza skrubu ya breki yake wakati huo. Akaendelea kuikaza muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kundi lilikuwa na kengele ya shaba, nzito, ya zamani, iliyofungwa kwenye usukani wa anayeongoza. Kanyaga alikuwa nayo miaka mingi. Siku hiyo alitoa spana mfukoni, akaifungua kwenye baiskeli yake na kuifunga kwenye ile ya kijani. Shemeji alisema si lazima. Alisema mara mbili.

"Tulia nikaze," Kanyaga akamjibu. "Anayetangulia ndiye anayepiga kengele."

Sasa ikawa kazi kumfuata aliyetangulia. Kanyaga aliinua kiti chake kidogo, akashusha tena. Akawa anaamka mapema kufanya mazoezi ya miguu ukumbini, ameshika kabati. Goti la kulia, ambalo tayari lilikuwa limebeba sakafu za nusu ya mtaa mpya, lilianza kuuma kwenye kona ya kwanza, kisha chini ya mlima, kisha hata kitandani. Angeweza kushuka akasukuma. Lakini kanuni ilikuwa yake, na aliijua maana yake: akishuka yeye, shemeji naye lazima ashuke. Aliona si haki kumteremsha mtu aliyepata nguvu zake kwa jasho.

"Goti limevimba kama papai, baba watoto," mke wake alimwambia. "Mwambie shemeji yako apunguze mwendo."

"Nimwambie nini? Mtu ametoka kwenye udhaifu, mimi nimwite arudi?"

Shemeji alimwona akichechemea. Asubuhi moja alimletea chupa ya mafuta ya kuchua, akamweleza namna ya kuyapaka, kwa mzunguko, mpaka ngozi ipate moto. Kanyaga alimshukuru. Aliyapaka kila jioni mpaka chupa ikaisha, akaletewa nyingine.

Ilikuwa siku ya kazi, asubuhi ya kawaida, barabara kavu. Walikuwa wameshapita kona ya pili, shemeji mbele, Kanyaga nyuma yake amesimama juu ya pedali, anauma meno. Kikasikika kishindo kidogo cha chuma. Cheni ya ile baiskeli ya kijani ilikatika, ikajikokota, ikaanguka barabarani ikiwa imejikunja mbele ya gurudumu la Kanyaga. Alifunga breki. Aliinama, na kwa kuinama tu goti likamchoma mpaka kiunoni. Aliiokota ile cheni, akainua uso amwite mwenzake asije akaanguka.

Baiskeli ya kijani ilikuwa bado inapanda.

Shemeji alitazama chini, penye cheni ambayo haikuwepo tena. Akageuza shingo, akamwona Kanyaga amesimama na kitu cheusi kinaning'inia mkononi. Macho yao yalikutana. Kisha fundi rangi akageuka mbele na kuendelea kuzungusha miguu, taratibu, kwa mwendo uleule, pedali zikizunguka bila kuvuta chochote. Akapanda hivyo mpaka akapotea nyuma ya kona ya tatu.

Kanyaga alisimama pale. Kulikuwa kimya, na katika kimya kile aliusikia mvumo mwembamba wa mota ukipanda na kufifia. Akagundua kwamba amekuwa akiusikia kila asubuhi na kudhani ni matairi mapya. Mtu aliyeweza kusikia uwazi chini ya kigae kwa kifundo cha kidole alikuwa amevumiwa sikioni tangu mvua zilipokatika, asishuku, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuwagonga watu wake ili awasikilize.

Hakupanda tena kwenye kiti. Alisukuma baiskeli mpaka juu, peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa kundi lile kusukuma peke yake tangu kanuni itolewe.

Shemeji alikuwa anamngoja pale kwenye jiwe la muuza dawa.

"Umeangusha kitu, shemeji," Kanyaga akasema, akamwekea cheni miguuni.

Fundi rangi hakuiokota.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoipaka rangi."

"Dada anajua?"

"Hiyo rangi alichagua yeye."

Kanyaga aliitazama ile kijani kana kwamba anaiona sasa hivi. "Na wenzetu?"

"Kinyozi aliona mkoba uko wazi, betri ndani. Akawaambia wengine." Akaongeza: "Naye anayo, lakini haji nayo Jumapili."

"Kwa hiyo mjinga wa kundi ni mimi."

"Hakuna aliyekuita mjinga."

"Hamkuhitaji kuniita."

Shemeji alivua kofia, akaifuta ndani, ingawa haikuwa na jasho. "Kifua changu, kaka. Daktari aliniambia niache sigara na niache huu mlima. Moja nikaliweza. Nilitaka kukwambia. Lakini nilikumbuka ulivyomfanya yule muuza dawa. Ungenicheka."

"Ningekucheka," Kanyaga akakubali. "Halafu ningejua."

"Na kundi lingenicheka."

"Ungesema kifua kinauma, tungeshuka. Mimi ningeshuka na wewe, tukasukuma."

"Kila siku? Ungeshuka na mimi kila siku?"

"Kwani kanuni ilitaja mara ngapi?"

Fundi rangi aliigeuza kofia mikononi. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba mwanzoni alifikiri Kanyaga atachoka mwenyewe na kupunguza mwendo, na baada ya kupewa kengele alishindwa pa kuanzia.

"Kwenye mafuta ulipata pa kuanzia," Kanyaga akasema. "Ulijua goti linaumwa nini, ukaniletea mafuta. Ukanifundisha na kuyapaka."

Hapo ndipo shemeji alipoinamisha kichwa. Makosa mengine yote angeweza kuyatetea mbele ya mtu mwenye huruma, na kifua kibovu ni udhuru wa kweli. Lakini mtu anayemtazama mwenzake akijiumiza kwa ajili ya uongo wake, kisha akamhurumia badala ya kumwambia, amevuka mpaka ambao ugonjwa haumvushi mtu.

Kanyaga aliichukua spana mfukoni. Shemeji alidhani anafungua kengele, akasogea kumpisha. Kumbe alikuwa anakaza tu kiti chake mwenyewe. Kisha akateremka upande wa pili wa mlima bila kuaga.

Dada yake alikuja nyumbani wiki ileile. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Kaka, ni baiskeli tu."

"Ungeniambia wewe, ningekuelewa. Ningekasirika, nikakuelewa."

"Nilikuwa nalinda nyumba yangu."

"Dhidi ya nani?"

Jibu lilikuwa wazi kwa wote wawili. Dada alikuwa amemwogopa kaka yake. Jambo hilo lilimuuma Kanyaga kuliko goti. Hata hivyo hakujilaumu mbele yake. Alimwambia amalize chai.

Daktari alimpiga picha goti na kumwonyesha kwenye mwanga mahali palipolika. Alisema kulika huko ni kwa muda mrefu, kazi ya vigae ilianza, lakini huu mwaka wa mwisho ndio uliomaliza. Akauliza kama kuna kitu alikuwa akikifanya kwa nguvu kupita kiasi. Kanyaga akasema alikuwa akimfuata mtu. Daktari akamshauri kwamba akipenda bado anaweza kuendesha, ila baiskeli yenye umeme, isiyomlazimisha kukanyaga kwa nguvu.

Kundi lilisikia. Wakachangishana, wakamletea moja, mpya, wakaiegemeza ukutani. Kinyozi ndiye aliyetumwa kusema.

"Ichukue, Kanyaga. Sote tutakuja nazo sasa. Hakuna wa kuficha tena."

"Zamani mngeniletea hivi," akasema, "huenda ningejifunza kuipanda. Sasa kila nikiikanyaga nitawasikia ninyi mmenyamaza."

Wakaiacha hata hivyo. Mke wake huitumia kwenda sokoni na huisifu, naye hamkatazi. Ameshakiri waziwazi, tena dukani kwa muuza dawa, alikokwenda kwa miguu kumwomba radhi, kwamba chombo chenyewe hakina kosa. Muuza dawa alimpokea vizuri na kumuuzia dawa ya goti.

Kengele ilirudishwa ndani ya bahasha, bila maneno. Iko kwenye droo pamoja na skrubu.

Goti la kulia halikunji tena mpaka chini, na fundi vigae asiyeweza kupiga magoti hana kazi. Kanyaga sasa anauza vigae kwenye duka la mtu mwingine, amesimama. Mlima hajaupanda tena. Akikutana na shemeji yake misibani na harusini wanasalimiana kwa adabu, mkono kwa mkono, na kila mmoja anakwenda kukaa upande wake.