Tegu wa Kuku wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipotoka Ihanda kuja kututembelea hapa kwetu Mpemba, alituletea kuku jike mweupe. Kesho yake asubuhi nikamchinja. Nilipopasua utumbo nikakuta vinundu, na ndani yake mnyoo mweupe, bapa kama utepe, wenye pingili nyingi, bado unajikunja.

Nikamwita mama mkwe aone. Hakuinama.

"Kuku wangu hana mdudu," alisema. "Kwani ulikuwa unatafuta nini humo?"

Nilikuwa najiuliza kwa nini, katika banda lake lote, alituchagulia huyu, mwepesi kama manyoya matupu. Naye alikuwa akitazama kuku wangu uani, na nikajua anawaza kwamba nimebadilisha utumbo, nikaweka wa mmoja wao.

Nikautia utumbo pamoja na mnyoo wake kwenye kopo, nikaupeleka kwa afisa mifugo, mwanamke tunayesali naye. Mama mkwe akanifuata. Hakutaka nifike huko peke yangu. Afisa akakiweka kichwa cha mnyoo kwenye hadubini, akatuita tuchungulie.

"Huyu ni tegu. Hamwambukizi mtu, nyama mtakula," alisema. "Ila tegu wa ndege wana aina nyingi. Tunawatofautisha kwa kichwa, kwa vinyonyeo na ndoano zake. Wengine kuku huwapata kwa kula nzi, wengine konokono. Huyu, kwa hivi vinundu, ni wa sisimizi."

"Sisimizi wa kwangu au wa kwake?" mama mkwe akauliza.

"Mmesema kuku amefika jana, mama. Mnyoo hauwi mrefu hivi kwa usiku mmoja."

Tulipofika nyumbani, mama mkwe akaingia bandani mwangu, akatoka na jogoo.

"Na huyu tumpasue."

Sikuwa na namna ya kukataa, nikamchinja. Tegu walikuwemo, ila vinundu hamna. Tukarudi kwa afisa na kopo lingine. Safari hii alichungulia muda mrefu zaidi.

"Hii ni aina nyingine kabisa," alisema. "Huyu ni wa nzi."

"Nzi," mama mkwe akarudia taratibu, kana kwamba ameliona tayari jalala lililo nyuma ya jiko langu.

Tulinunua dawa ya minyoo kwa kuku wa mabanda yote mawili, na jalala nikalifukia. Wiki ile alipokwisha kurudi Ihanda nikampigia simu.

"Mama, kuku umewapa dawa?"

"Nimewapa. Na wewe wako?"

"Nimewapa."

Hakuna aliyekata simu; kila mmoja alikuwa ametega sikio asikie kuku wa mwenzake.